Katikati ya Bahari ni Wapi?

Mwaka 2000, mtu aliyekaa Westlands, Nairobi, akimwandikia barua pepe mwenzake wa eneo la Viwandani, upande wa pili wa jiji, barua ile haikupita barabara wanazopita watu. Ikiwa wawili hao walikuwa wateja wa kampuni mbili tofauti za intaneti, barua ilipanda kilomita 36,000 hadi kwenye setilaiti, ikashuka Marekani, ikakabidhiwa huko kwa mtandao uliohudumia kampuni ya pili, ikapanda tena kilomita 36,000, kisha ikatua Nairobi. Jumla kilomita 144,000, kwa masafa ambayo tarishi mwenye baiskeli angeyamaliza kwa nusu saa.

Masafa yenyewe hayakumuumiza mtu, maana barua ilifika. Kilichouma ni ankara. Njia ya kwenda Marekani ililipiwa na kampuni ya kwanza ya Kenya. Njia ya kurudi ililipiwa na kampuni ya pili ya Kenya. Na kule barua ilikogeukia, wenye mitandao ya Marekani walizitoza zote mbili kwa kuzipitishia. Wakenya wawili walizungumza, na aliyepokea fedha ni mtu wa tatu aliye bara jingine.

Mambo hayakuwa hivyo tangu zamani. Waya wa telegrafu wa baharini ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, mali ya kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Wakati huo kanuni ya kugawana malipo ilikuwa na umri wa miaka 14. Tarehe 17 Mei 1865 nchi 20 zilikuwa zimetia saini mjini Paris mkataba ulioanzisha umoja wa telegrafu, ule ambao leo tunaujua kwa herufi ITU. Mtuma telegramu alilipa mara moja tu, pale ofisini kwake. Baada ya hapo ofisi zenyewe zilikaa na vitabu vyao vya hesabu: aliyepitisha akapata fungu lake, aliyepokea akapata lake. Mpokeaji hakudaiwa kitu.

Simu ikarithi utaratibu huo, kwa namna iliyovutia zaidi. Kampuni za nchi mbili zilikubaliana bei ya dakika moja ya mazungumzo baina yao, kisha zikaigawa katikati. Tuseme bei ni dola moja: simu ikitoka New York kwenda Dar es Salaam, kampuni ya Marekani iliikatia Posta na Simu ya Tanzania senti 50. Ikitoka Dar es Salaam kwenda New York, Dar es Salaam ndiyo iliyotoa senti 50. Mwisho wa kipindi wanalinganisha vitabu na kulipana tofauti. Hata njia yenyewe iligawanywa. Kila upande uligharimia nusu yake, na nusu hizo mbili zilihesabiwa kukutana mahali pa kufikirika tu: penye mkongo, katikati ya bahari, penye setilaiti, huko huko angani. Hakuna baharia aliyewahi kupaona mahali hapo, lakini wahasibu walipajua vizuri.

Nchi maskini zilinufaika na utaratibu huu kwa sababu moja nyepesi. Wamarekani walipiga simu nyingi kuliko walizopigiwa. Aliye ughaibuni ndiye mwenye mshahara wa dola, kwa hiyo ndiye anayepiga. Aliye nyumbani husubiri. Baadaye simu za mkononi zilipoingia, tabia hiyo tuliipa jina, tukaiita kubipu: unaacha iite mara moja, unakata, mwenye uwezo anajua wajibu wake. Kabla ya jina kuzaliwa, mashirika ya simu ya Afrika yalikuwa yakivuna kutokana na tabia ileile. Mwaka 1996 kampuni za Marekani zililipa nje, baada ya kulinganisha vitabu, zaidi ya dola bilioni 5.

Washington ilichoka. Agosti 1997 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilitangaza viwango ambavyo kampuni za Marekani hazingeruhusiwa kuvizidi: senti 15 kwa dakika kwa nchi tajiri, 19 kwa nchi za kati, 23 kwa nchi maskini, huku nchi maskini zikipewa muda mrefu zaidi wa kujiandaa. Kampuni za simu za kigeni zilikwenda mahakamani zikidai kwamba Marekani haina mamlaka ya kuzipangia bei nchi za watu. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema FCC haikupangia nchi yoyote. Ilizipangia kampuni zake yenyewe. Mwenye nguvu mpishe.

Kwa haki, lazima isemwe kwamba fedha zile za simu hazikuwa sadaka safi. Baadhi zilijenga mitambo na kufikisha waya mikoani. Nyingine ziliishia kwenye hazina za serikali ambazo ziliiona simu kama ng'ombe wa maziwa, huku mwananchi akisubiri miaka kuunganishiwa laini. Aliyemtetea mkulima wa Singida mbele ya FCC mara nyingi alikuwa ni mtu ambaye hajawahi kumpelekea mkulima huyo simu. Ila hilo halibadilishi kwamba kanuni ilikuwapo, na ilisema: njia ni ya wawili.

Intaneti ilipofika, haikuja na kanuni hiyo. Ilizaliwa katika maabara na vyuo vya Marekani, ikalelewa kwa fedha za umma za nchi hiyo hadi Aprili 1995, mtandao wa NSFNET ulipozimwa na kazi kuachiwa kampuni binafsi. Hakuna aliyehesabu dakika. Wenye mitandao mikubwa walikubaliana kubadilishana mizigo bure, kwa hoja kwamba kila mmoja anampa mwenziwe sawa na anachopokea. Aliye mdogo alitakiwa kununua upitisho. Na mkubwa ni nani? Mkubwa aliamua mwenyewe. Mwaka 1997 kampuni ya UUNET, iliyokuwa miongoni mwa mitandao mikubwa kabisa, iliwaambia wadogo waliokuwa wakibadilishana nayo bure kwamba mlango huo umefungwa: kuanzia sasa ni wateja.

Kama hivyo ndivyo walivyotendewa wadogo wa ndani ya Marekani, basi mtu wa Nairobi au Kampala hakuwa na cha kuuliza. Alinunua njia nzima hadi kwenye mlango wa Mmarekani, si nusu, kisha akalipa ada ya kuingia. Mmarekani akimtumia Mkenya barua, Mkenya analipia njia. Mkenya akijibu, analipia tena. Australia na nchi za Asia ziliyaona haya mapema. Kampuni ya Telstra ya Australia ililalamika kwamba inabeba peke yake gharama ya mikongo ya Pasifiki ambayo Wamarekani nao wanaitumia.

Wamarekani walikuwa na jibu, na halikuwa jibu la kipuuzi. Katika simu, walisema, tunajua nani amepiga. Katika intaneti, nani amepiga? Mtu wa Dar es Salaam anabofya kiungo, ombi dogo la herufi chache linakwenda California, na ukurasa mzito wenye picha unarudi. Ukihesabu kwa mtumaji, California ndiye aliyetuma karibu kila kitu, basi alipe California. Ukihesabu kwa mwombaji, Dar es Salaam ndiye aliyeomba karibu kila kitu, basi alipe Dar es Salaam. Pakiti zilezile, waya uleule, hesabu mbili zinazopishana kabisa, na kila moja ni sahihi kwa mwenye nayo. Sijaona hadi leo mtu aliyelifungua fundo hili kwa hoja peke yake.

ITU ilijaribu kulifungua kwa kura. Mkutano wake uliofanyika Montreal, Kanada, ukamalizika Oktoba 2000, ulipitisha pendekezo lililoitwa D.50. Lilisema kwamba pande zinazounganisha intaneti kati ya nchi zikubaliane juu ya kufidiana kwa vitu kama wingi wa mizigo, idadi ya njia, eneo linalofikiwa na gharama ya kusafirisha. Marekani ilisema haitalifuata. Kwa kuwa pendekezo la ITU halimfungi mtu asiyelitaka, D.50 ikabaki karatasi ya kunukuliwa kwenye hotuba. Wajumbe walirudi nyumbani, na ankara zilizowangoja zilikuwa zilezile.

Wiki chache baada ya Montreal, kampuni kadhaa za intaneti za Nairobi zilifanya jambo dogo mno kulinganisha na mkutano wa kimataifa. Zilikuwa chini ya chama chao, TESPOK, kilichoanzishwa mwaka 1999, na zilikuwa zimejiandaa kwa karibu mwaka mzima. Mwishoni mwa Novemba 2000 zilivuta laini zao hadi chumba kimoja, zikazichomeka kwenye swichi moja ya pamoja. Basi. Kuanzia hapo, barua ya Westlands kwenda Viwandani ingefika chumbani, ivuke swichi, iteremke Viwandani. Waliliita jambo hilo KIXP, kituo cha mabadilishano ya intaneti cha Kenya. Johannesburg walikuwa na chao tangu 1996.

Kilidumu kama wiki mbili.

Telkom Kenya ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee, kwa miaka mitano kuanzia 1999, ya kubeba mawasiliano ya kimataifa ya nchi. Njia yake ya intaneti iliitwa Jambonet, na kila kampuni ya Nairobi ilipaswa kupitia humo kwenda nje. Telkom iliwasilisha malalamiko kwa mdhibiti, Tume ya Mawasiliano ya Kenya: KIXP, ilidai, inavunja haki yake ya mawasiliano ya kimataifa. Tafakari dai hilo taratibu. Mazungumzo ya mtu wa Nairobi na mtu wa Nairobi, yanayopita kwenye chumba kilichopo Nairobi, yalihesabiwa kuwa ya kimataifa, kwa kuwa yalikuwa yamezoea kupitia Marekani. Tume ilikubali kwamba kituo kinaendeshwa bila leseni, ikaagiza kifungwe. Waya zikachomolewa Desemba.

Nikisoma historia hii, hapa ndipo ninaposhindwa kuwalaumu Wamarekani peke yao. UUNET haikujua kwamba kuna Viwandani. Aliyezuia barua isivuke jiji alikuwa mwenyeji, na alikuwa na sababu zake za kibiashara: kila kilobiti iliyobaki nchini ilikuwa kilobiti isiyolipiwa Jambonet. Katika kelele zote za wakati ule juu ya mabara tajiri kunyonya mabara maskini, kelele zilizokuwa na ukweli ndani yake, ilisahaulika kwamba sehemu ya mnyororo ilifungwa kwa kufuli la nyumbani.

TESPOK walikwenda kwenye baraza la rufaa la mawasiliano wakieleza kwamba KIXP haibebi mzigo wa mtu yeyote wa nje; ni chama cha watu wachache waliokubaliana kuunganisha mitandao yao, jambo ambalo sheria ya 1998 iliruhusu. Magazeti yaliandika. Wafanyabiashara walilalama. Mabishano yakachukua karibu mwaka, na Novemba 2001 tume ikatoa leseni. Tarehe 14 Februari 2002 waya zikachomekwa upya, kampuni tano zikiwa za kwanza, chumbani mwao katika jengo la Sarit Centre, palepale Westlands.

Matokeo hayakuhitaji mtaalamu wa kuyafafanua. Pakiti iliyokuwa ikichukua milisekunde 1,200 hadi 2,000 kwenda na kurudi kwa setilaiti sasa ilichukua 60 hadi 80. Njia ya kilobiti 64 kwa sekunde iliyogharimu dola 3,375 kwa mwezi kwenda nje iligharimu kama dola 200 kwenda kituoni. Kilobiti 64! Simu iliyo mfukoni mwa msomaji leo inazitumia kwa kufumba na kufumbua, lakini wakati ule ofisi nzima iliishi juu ya kilobiti hizo.

Mwaka huohuo wa 2002, chama cha watoa huduma za intaneti wa Afrika, AfrISPA, kilitoa waraka ambao Wakenya walishiriki sana kuuandaa, na jina lake lilikumbuka wazi ile hesabu ya simu: The Halfway Proposition, hoja ya nusu ya njia. Kwamba Afrika inalipia njia nzima, na kwa kufanya hivyo nchi maskini zinazipunguzia nchi tajiri gharama. Kila upande ulipie hadi katikati. Lakini wale walioandika walikuwa wameshapita kwenye suala la Sarit Centre, na hawakuishia kwenye malalamiko. Mkubwa, walisema, hatakutana nasi katikati kwa huruma. Tujenge vituo vya mabadilishano katika kila nchi, tuviunganishe vituo hivyo kikanda, tujikusanyie mzigo wa kutosha, ndipo tumwendee kama wenzake. Uganda, Tanzania na Rwanda nazo zikawa na vituo vyao miaka hiyohiyo.

Kilichokosekana ni bahari yenyewe. Pwani yetu, kuanzia Somalia hadi Msumbiji, haikuwa na mkongo hata mmoja wa nyuzi za kioo. Mradi wa mkongo wa EASSy ulianza kujadiliwa mwaka 2003 na ukajadiliwa, ukajadiliwa tena. Serikali zilivutana: mkongo uwe wa nani, nani aruhusiwe kununua, bei ipangwe na nani. Kenya ilikosa subira. Ikiongozwa kwa ubishi mwingi na Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu mkuu wa wizara ya habari, ilianzisha mkongo wake, TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, asilimia 85 ukiwa mali ya serikali na kampuni za Kenya, na 15 ya Etisalat. Juni 2009 Rais Mwai Kibaki aliuzindua katika Fort Jesus, Mombasa. Mwezi uliofuata, tarehe 23 Julai, mkongo wa kampuni binafsi ya SEACOM uliwashwa, ukigusa Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ukafuata 2010. Miaka mingi ya ukame, kisha mvua tatu mfululizo.

Hapa pana kejeli ambayo waandishi wa waraka wa 2002 lazima waliiona. TEAMS haukukutana na mtu katikati ya bahari. Wakenya waliulaza hadi mwisho, ufukwe kwa ufukwe, na walilipia karibu wote. Ukipima kwa kanuni ya nusu ya njia, hiyo ilikuwa kushindwa. Lakini bei ya megabiti moja, iliyokuwa maelfu ya dola kwa mwezi kwenye setilaiti, iliporomoka hadi mamia na kuendelea kushuka, kwa sababu aliyelipa sasa alimiliki. Tofauti ya kupanga na kujenga kila mpangaji anaijua.

Na mara barabara ilipokuwapo, mwenye duka alianza kumfuata mteja. Mwaka 2011 Google iliweka Nairobi ghala la nakala za vitu vyake vinavyoombwa zaidi: video ikisafiri mara moja kutoka Ulaya, maelfu ya watu wanaitazama bila kuiita tena baharini. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Internet Society ulikuta mwaka 2012 kwamba kama asilimia 30 ya mzigo wa intaneti wa Kenya unapatikana ndani ya nchi. Kufikia 2020 ilikuwa kama asilimia 70. Kwenye kilele chake KIXP ilikuwa imetoka gigabiti 1 kwa sekunde hadi 19, na kuzipunguzia kampuni gharama za dola milioni 6 kwa mwaka.

Wakati huo swali la zamani lilikuwa limebadilisha wenyewe. Desemba 2012, ITU ilipokutana Dubai kurekebisha kanuni zake, kampuni za simu za Ulaya kupitia umoja wao, ETNO, zilipendekeza kwamba mtandao unaotuma ndio ulipe. Yaani wazungumzaji wa lugha ya Nairobi ya 2002 sasa walikuwa Wazungu, na anayedaiwa ni Google na Netflix. Nchi 89 zilitia saini mkataba wa Dubai kati ya 144 zilizohudhuria, lakini wazo la ETNO halikuingia. Wapo Waafrika walioliogopa, na kwa sababu nzuri: anayelazimishwa kulipa kila anapotuma anaweza kuamua kutomtumia mteja maskini. Korea Kusini iliijaribu kanuni ya aina hiyo tangu 2016. Netflix ikaburuzana mahakamani na SK Broadband hadi walipopatana Septemba 2023, na Twitch, tovuti ya video za michezo, ikafunga kazi nchini humo Februari 2024 ikilalamikia gharama za mtandao.

Wenye maudhui, kwa upande wao, walikuwa wameshaamua kulaza nyaya wenyewe. Mei 2020 Facebook na washirika wake, wakiwamo MTN, Orange, Vodafone na China Mobile, walitangaza 2Africa, ambao baada ya kurefushwa umekuwa kilomita 45,000 kulizunguka bara zima na kwenda mbali zaidi. Umeshatua Mombasa na Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa California, aliyekataa mwaka 2000 kulipia hata nusu ya njia, amekuja hadi ufukweni petu kwa gharama yake. Sidhani kwamba ni haya iliyomleta. Mwenye mkongo ndiye anayesema nani apite na kwa bei gani, na hilo Telkom Kenya walilijua zamani.

Februari 2024 meli ya mizigo Rubymar ilipigwa kombora katika Bahari ya Shamu, ikaelea siku kadhaa huku nanga yake, inavyoaminika, ikikokota chini. Mikongo mitatu ilikatika, mmoja wao wa SEACOM. Mizigo ya Afrika Mashariki ikageuzwa kupitia kusini. Tarehe 12 Mei, EASSy na SEACOM zikakatika pia upande wa kusini, karibu na Afrika Kusini, na kuanzia Dar es Salaam hadi Kigali watu wakakodolea macho kurasa zisizofunguka. Meli ya ukarabati ikasubiriwa.

Siku hizo barua ya Westlands kwenda Viwandani haikuhitaji bahari. Ilipita kituoni, mtaani tu. Isipokuwa ofisi hizo ziwe zimehifadhi barua zao kwenye seva za Ulaya, kama zilivyo nyingi. Basi nazo zilingoja meli.